Mke wangu alikatwa ziwa, sasa hataki nimguse. Nianzie wapi?

BabaWawili (Kisauni): Assalam aleikum. Mke wangu ana saratani ya matiti. Alifanyiwa upasuaji, ziwa la kushoto likatolewa lote pamoja na tezi za kwapani. Kemo amemaliza, sasa anameza tamoksifeni, vidonge vya kuzuia homoni isichochee saratani. Kidonda kimepona, lakini anavaa nguo bafuni kwa kujifungia, na usiku analala na dera na sidiria, kwa joto hili la Mombasa. Mimi nakaa mbali kidogo nisimtoneshe. Juzi akaniambia, "Oa mwengine, sikukatazi." Wallahi nililia. Simtaki mwengine.

BintiMajengo: Pole kaka, na wifi mpe pole. Mimi nilikatwa la kulia. Kilichoniuma kuliko kisu ni kimya cha mume wangu. Kliniki alinipeleka, matunda alininunulia, lakini neno "ziwa" halikutajwa tena nyumbani. Hilo la "oa mwengine" nami nililisema, nikingoja kusikia atanijibu nini. Basi mjibu! Mwambie kwa ulimi wako kuwa unamtaka yeye. Mwambie kovu utaliona siku atakayotaka mwenyewe, na usimvizie akivua. Unyumba uache kwanza. Msinge miguu, mpake mafuta ya nazi mgongoni, mlale mkishikana mikono.

NesiMstaafu: Kweli, ila si moyo peke yake. Tamoksifeni huweza kuleta joto la ghafla, jasho la usiku na ukavu ukeni, kwa hiyo huenda anakukwepa kwa sababu anaumia. Amuulize daktari wake kuhusu jeli ya kulainisha isiyo na homoni. Tena asishike mimba akiwa kwenye dawa hiyo, na vidonge au sindano za kupanga uzazi zenye homoni hazimfai. Tumieni kondomu, au koili ya shaba, ile inayowekwa ndani ya kizazi. Mkono wa kushoto unaweza kuvimba kwa kuwa tezi zimetolewa. Ndoo ya maji na kapu la sokoni Kongowea beba wewe. Sindano na presha, aombe mkono wa kulia. Yale mazoezi ya kupandisha vidole ukutani fanyeni pamoja.

Mpwani77: Ndugu, kliniki ingia naye ndani, usibaki kwenye benchi. Mimi huko ndiko nilikosikia mke wangu akiuliza mambo ambayo nyumbani hakunigusia. Na wale wageni wa "maskini, mume atamwacha" wazuie mlangoni. Mwanamke anatoka kwenye kisu, anakuja kusikia hayo kitandani kwake!

BintiMajengo: Pia fundi cherehani anaweza kumshonea mfuko ndani ya sidiria, akatia ziwa la bandia la pamba. Lakini akitaka mwenyewe, isiwe wewe unayelihitaji.

BabaWawili: Shukran sana. Leo usiku nitamwambia. Nina jambo moja: dada yangu mkubwa anashikilia nisilale naye, eti saratani itanishika.

NesiMstaafu: Haiambukizi, si kwa tendo la ndoa, si kwa kula sahani moja. Dada yako mpeleke kliniki akaambiwe na daktari, kabla hajamwambia mkeo.