Naomba ushauri: chama chetu cha mafundi kimo katika mfumo wa kidijitali wa serikali, nami nimekwama na ripoti

Mwenyekiti Mashariki:
Hamjambo wanajukwaa. Mimi ni mwenyekiti wa chama cha mafundi wa jua kali hapa Nairobi, upande wa Kariobangi. Tumo katika mpango unaofadhiliwa na serikali wa kujenga mfumo unaounganisha ujuzi wa mtu, vyeti vyake na nafasi za kazi, ili mwajiri anayetafuta mwashi au fundi wa kuchomelea ampate kwenye simu pamoja na uthibitisho kwamba kazi anaiweza. Awamu ya kwanza ya fedha imeshatumika: tulinunua kompyuta, tukawalipa vijana waliopita karakana kwa karakana wakiandikisha watu, na sasa zaidi ya mafundi mia sita wamo. Ripoti inatakiwa Ijumaa ndipo awamu ya pili itolewe. Swali langu ni hili: ni programu gani inayofaa kuhifadhi orodha kama hii bila ada ya kila mwezi? Nawasihi mnijibu haraka, kwa maana usingizi umenipaa.

Msimbaji wa Ngara:
Ndugu mwenyekiti, usianze na programu, anza na kiwango. Shirika la W3C, linaloweka viwango vya kiufundi vya mtandao, lilipitisha mwaka 2019 kiwango cha hati za kidijitali zinazothibitika, na maana yake ni kwamba chuo au mamlaka inayotoa cheti hukitia sahihi ya kielektroniki, mwenye cheti akakibeba katika simu yake, na mwajiri akakikagua bila kumpigia mtu yeyote simu. Ukijenga juu ya kiwango cha wazi, kampuni ya programu ikifungwa kesho, vyeti vya watu wako havifungwi nayo. Serikali nyingi zinaelekea huko. Mwaka 2025 Wizara ya Elimu ya Marekani ilitangaza shindano la dola milioni 15 kwa majimbo yatakayojenga masoko ya namna hii ya ujuzi na kazi. Nitakuandikia orodha ya programu huria jioni.

Seremala wa Gikomba:
Mimi nafurahi kusikia serikali imetukumbuka. Nilifanya useremala miaka mingi bila karatasi, na mkandarasi mmoja kule Ruaka alinipa kazi ya kabati za jikoni, kisha akanipunguzia malipo nilipomaliza kwa hoja kwamba sikuwa na cheti, ilhali kabati zenyewe alizipokea na kuzisifu. Ndipo nilipokwenda kufanya mtihani wa ufundi wa daraja la tatu wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani. Unapewa mbao, mchoro na saa, na mtu amesimama pale anakutazama. Tangu siku ile hakuna aliyenipunguzia tena. Mwenyekiti, pigania mfumo huo kwa nguvu zako zote.

Mama wa Umoja:
Mwanangu, mtu hakosi usingizi kwa ajili ya programu ya kuhifadhi majina. Nimekuwa mweka hazina wa vyama tangu kabla hujaanza kuota ndevu, na najua ripoti inayomnyima mtu usingizi. Hiyo ripoti ya Ijumaa inauliza nini hasa?

Mwenyekiti Mashariki:
Mama, shikamoo. Ripoti inauliza idadi ya mafundi waliothibitishwa, na malipo ya awamu ya pili hufuata idadi hiyo, kichwa kwa kichwa. Wenye cheti cha NITA katika orodha yetu hawafiki mia. Fomu ina nafasi mbili tu, amethibitishwa au hajathibitishwa. Kamati imekaa na kukubaliana kwamba kila aliyefanya kazi kwa zaidi ya miaka mitano aandikwe kuwa amethibitishwa, na tayari tumeanza kujaza. Kabla hamjanihukumu, nawaomba mfahamu kwamba hawa si majina ya kubuni. Ni watu waliochomelea mageti ya nusu ya Eastlands, na kazi yao imesimama. Tukiwaandika kuwa hawajathibitishwa, mwajiri hatawaona kabisa, na mfumo utakuwa umejengwa kwa ajili ya watoto wa vyuo waliokuwa tayari wanaonekana.

Mwalimu Mstaafu:
Bwana mwenyekiti, mwaka 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitoa taarifa ya ukaguzi wa vyeti katika taasisi za umma, na vya kughushi vilivyopatikana vilizidi 2,000. Kila kimoja kilikuwa na mtu nyuma yake aliyejiambia kwamba kazi anaijua, na karatasi ni utaratibu tu. Nimefundisha watoto waliokesha wakisoma kwa mishumaa ili wapate alama zao kwa haki, na inaniuma kuona uthibitisho ukigawanywa kwa kura ya kamati.

Wakili Mtaani:
Nitajibu kwa upande wa sheria. Kwanza, kupata fedha za umma kwa maelezo ambayo unajua si ya kweli ni jambo linaloguswa na Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi ya 2003, na nia njema kwa mafundi haitakukinga. Pili, mnashika namba za vitambulisho na za simu za watu mia sita, kwa hiyo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu: kila mmoja alipaswa kuelezwa taarifa zake zinakwenda wapi, kuridhia, na kuweza kuondoa ridhaa yake. Je, vijana wenu walipopita karakana waliwaeleza watu hayo, au walikusanya vitambulisho tu?

Mdadisi:
Nimesoma uzi huu tangu mwanzo na siuamini. Fedha za serikali hupitia zabuni, tathmini na mkataba, na chama cha jua kali hakipewi awamu ya kwanza kwa kujiandikisha tu. Tena mwenyekiti huyu hajautaja mkataba hata mara moja, hajasema aliyempa fedha ni nani, na anaandika kama mtu aliyezoea kuandika mapendekezo ya miradi. Nadhani ni mshauri anayetaka tumfanyie kazi yake bure, au mwandishi wa habari anayetafuta maneno yetu. Wenzangu, msipoteze muda wenu.

Seremala wa Gikomba:
Hata mimi nimeanza kuwaza. Mwenyekiti wa kweli angekuwa karakana saa hizi, si hapa.

Mwenyekiti Mashariki:
Ndugu Mdadisi, sijaitaja ofisi ya serikali kwa jina kwa sababu mimi sikupewa fedha na serikali moja kwa moja. Zabuni alishinda kampuni moja ya hapa mjini, nayo ikatuchukua sisi kuwa washirika wa kuandikisha watu. Mkataba wangu ni na kampuni hiyo. Unasema orodha itakaa katika mitambo yao, na kwamba ripoti naisaini mimi peke yangu. Kuandika nilifundishwa shuleni kama wewe, na karakana yangu inaendelea kufanya kazi chini ya kijana wangu wakati nahangaika na karatasi hizi.

Mama wa Umoja:
Basi hapo ndipo penyewe. Fedha wamechukua wao, orodha wamechukua wao, sahihi umebaki nayo wewe. Mdadisi, asante, kwa maana bila wewe asingelisema.

Wakili Mtaani:
Mama amesema. Mwenyekiti, usisaini idadi yoyote ambayo huwezi kuionyesha kwa cheti au kwa karatasi ya tathmini.

Msimbaji wa Ngara:
Nami naomba kurekebisha nilichosema mwanzo, kwa sababu sahihi ya kielektroniki inathibitisha ni nani aliyetoa cheti na kwamba hakijabadilishwa, wala haithibitishi kwamba mwenye cheti anajua kuchomelea. Tazama DigiLocker, hifadhi ya hati za kidijitali ya serikali ya India, iliyoanzishwa mwaka 2015. Hati iliyotoka moja kwa moja kwa mamlaka huwekwa mahali pake, na hati ambayo raia ameipakia mwenyewe huwekwa mahali pengine, ili anayesoma ajue tofauti. Tatizo la fomu yenu ni kwamba ina nafasi mbili wakati ukweli una tatu: mwenye cheti, anayesubiri kupimwa, na aliyejieleza mwenyewe. Wote watatu wanaweza kuonekana na mwajiri, kila mmoja kwa jina lake la haki.

Seremala wa Gikomba:
Niongeze jambo moja zito. Katika hao mia sita wamo mafundi wa umeme? Fundi umeme anahitaji leseni ya EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati na mafuta. Mwajiri akimkuta kwenye mfumo wa serikali ameandikwa kuwa amethibitishwa, atampa nyumba nzima aivute nyaya, na nyumba ikiungua usiku na watoto wamo ndani, miaka mitano ya kazi haitajibu. Kuhusu wengine, utambuzi wa ujuzi uliopatikana kazini upo, na mtu hupimwa kwa mahojiano, kwa ushahidi wa kazi zake na kwa kufanya kazi mbele ya mpimaji. Mradi wa NYOTA, wa mkopo wa Benki ya Dunia, umeuweka kuwa sehemu yake kwa vijana. Mtu wangu wa miaka kumi na mitano ya kuchomelea hatashindwa na mtihani, kinachomshinda ni ada na siku za kukosa kazi. Hizo ndizo fedha za awamu ya pili zilipe.

Mwenyekiti Mashariki:
Mafundi wa umeme wamo, na kamati haikuwatenga. Nimekutana na mwekahazina na katibu leo jioni. Tumefuta tulichokuwa tumejaza, na ripoti itaonyesha wenye vyeti peke yao kuwa wamethibitishwa, pamoja na orodha ya pili ya wanaosubiri kupimwa na barua ya kuomba sehemu ya fedha ilipe ada za mitihani. Kampuni imeshanipigia simu ikisema idadi hiyo itaangusha mkataba wote, na kwamba chama kingine kiko tayari kuchukua nafasi yetu. Wakili, je, niiandikie ofisi ya serikali inayotoa fedha kabla ya Ijumaa, au nisubiri kampuni ijibu?

Wakili Mtaani:
Kabla. Peleka kwa mkono, ambatanisha nakala ya mkataba, na usiondoke pale bila nakala yako kupigwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Kuhusu ridhaa za watu mia sita hujanijibu bado.