Tupeane uzoefu: besiboli ya Oktoba au Chiefs, kipi kilikufanya uwe mtu wa Kansas City?

Mtanga wa Missouri

Wakuu, salaam. Kila Oktoba vijana wanaohamia hapa huniuliza waanze kufuatilia mchezo upi. Jibu langu halijabadilika: anza na besiboli ya mtoano, Chiefs, timu yetu ya mpira wa Kimarekani, utawapenda tu mbele ya safari. Ngoja niwape kisa changu, kisha nanyi mlete vyenu.

Nilifika 2012 nikitokea Tanga, kichwani mna Coastal Union na hakuna kingine. Besiboli niliiona ni watu kusimama majanini wakitafuna mbegu za alizeti. Royals, timu ya besiboli ya hapa, nao walikuwa hawajagusa mtoano tangu 1985, mwaka waliobeba ubingwa. Kule ghalani nilikofanya zamu ya usiku kulikuwa na watu wenye watoto wakubwa ambao hawakukumbuka lolote la furaha kuhusu timu hiyo.

Ikaja Septemba 2014. Tarehe 29, Jumatatu, Chiefs waliwafunga Patriots wa New England 41 kwa 14, na kelele za uwanja wao wa Arrowhead zikapimwa desibeli 142.2, rekodi ya dunia. Kesho yake, uwanja wa pili, ng'ambo ya maegesho yaleyale ya magari, Royals wakacheza na timu ya Oakland mechi moja tu ya kufa na kupona. Sisi tulisikiliza redioni tukifunga maboksi. Besiboli kila timu hupiga zamu tisa, na sare ikibaki zinaongezwa; zamu ya nane ilipoingia tulikuwa nyuma 7 kwa 3. Kuna aliyezima redio. Mzee mmoja Mmarekani, mwenzangu wa meza moja, akaenda akaiwasha tena, hakusema neno.

Halafu wakaanza kuiba besi. Kwa asiyejua: mkimbiaji aliyesimama kwenye besi, yaani kituo kimojawapo cha kukimbilia, anachomoka wakati mrushaji anarusha, anawahi ya mbele kabla mpira haujamfikia. Usiku ule waliiba saba, wachezaji saba tofauti, kila mmoja yake. Wakasawazisha zamu ya tisa. Wakafungwa tena zamu ya 12, wakasawazisha tena. Dakika chache kabla ya saa sita usiku Salvador Pérez, ambaye usiku kucha hakuwa amepiga kitu, akaupitisha mpira pembeni kushoto. 9 kwa 8. Yule mzee alinishika mkono akalia kama mtoto. Mwaka 1985 alikuwa kijana, na baba yake alikuwa hai. Kuanzia hapo sikujiita tena mgeni wa mji huu.

Ninachokipenda ni kwamba besiboli haina kipenga cha mwisho. Kwetu kwenye soka timu ikiongoza, dakika ya 85 kipa anajilaza, beki anabutua jukwaani, muda unakwisha. Huku hata ukiongoza kwa mabao manne, lazima umrushie mwenzako mpira, lazima umpe nafasi yake. Mwaka uliofuata Royals walichukua ubingwa mbele ya Mets wa New York kwa njia hiyohiyo: mechi ya mwisho walikuwa nyuma 2 kwa 0 hadi zamu ya tisa, wakamaliza 7 kwa 2.

Haya, zamu yenu.

Mama wa Northeast

Asante kaka. Mimi ni wa Bukavu. Tulifika vuli ya 2015, hatujamaliza hata miezi miwili. Asubuhi moja shule zikafungwa, njiani watu wanatembea kwa miguu, maelfu, wote wamevaa buluu. Ilikuwa tarehe 3 Novemba. Mimi nilipoona umati wa namna ile nikafunga mlango na kuanza kukusanya vitu vya watoto, maana kwetu watu wakijaa barabarani hivyo, kuna wanachokimbia. Jirani, mama wa Kisomali, alinigongea akaniambia: hapana dada, ni mpira, wanafurahi. Baadaye tukasikia walifika watu laki nane. Tulitoka, tukasimama kwenye kona. Binti yangu akapewa kibendera na mtu asiyemjua. Bado anacho.

Lakini niseme na la pili. Februari 14, 2024, Chiefs walipoadhimisha kombe, kijana wangu alienda Union Station na wenzake wa shule. Risasi zikapigwa. Mama mmoja akafa, zaidi ya watu ishirini wakajeruhiwa, wengi wao watoto. Nilimpigia simu dakika arobaini haingii. Alirudi mzima, amepoteza kiatu kimoja. Mimi bado ni shabiki, ila kwenye maandamano ya kombe siendi tena na wala simruhusu. Mpira nautazamia sebuleni.

Mzee wa Grandview

Pole sana mama. Mungu amlinde kijana.

Mimi ni wa Chiefs wa siku nyingi. Kabla ya Patrick Mahomes, mpiga pasi wao nyota, kulikuwa na Christian Okoye, Mnigeria aliyekuja Marekani kwa riadha, mpira wa hapa akaujulia ukubwani. Mwaka 1989 aliongoza ligi nzima kwa kukimbia na mpira, yadi 1,480. Wakati ule Mwafrika hapa mjini ulikuwa ukitaja jina lako unaulizwa maswali kumi. Ukimtaja Okoye, watu wanakusogezea kiti.

Kijana wa Olathe

Shikamoo wazee. Mzee wa Tanga, kwa heshima zote, mimi nimezaliwa Nakuru lakini nimekulia hapa, na kwangu ni Chiefs bila mjadala. Unasema saa inaua mchezo? Basi sikia ya NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani. Januari 23, 2022, Bills wa Buffalo wanaongoza 36 kwa 33, zimebaki sekunde 13. Babangu alikuwa ameshainuka kwenda kulala. Mahomes akapiga pasi mbili, yadi 44, Butker akapiga teke la yadi 49, sare. Muda wa nyongeza Kelce akamaliza kazi, 42 kwa 36. Baba alirudi mbio na kanzu ya kulalia, tukakumbatiana. Hatukuwa na mazoea hayo nyumbani kwetu. Saa ndiyo iliyofanya usiku ule uwe vile!

Mtanga wa Missouri

Marahaba mwanangu. Umesimulia vizuri, lakini umeruka jambo. Muda wa nyongeza Josh Allen, mpiga pasi wa Bills, hakugusa mpira. Kura ya sarafu ilitupa sisi mpira, tukafunga, yeye akabaki kutazama pembeni. Nilifurahi kushinda na moyo ukanisuta papo hapo. Besiboli haiwezi kukufanyia hivyo.

Kijana wa Olathe

Ni kweli, na ligi yenyewe iliona. Walibadilisha kanuni ya mtoano mwaka huohuo, kila timu ipate mpira. Super Bowl, yaani fainali, ya Februari 2024 ndiyo ilikuwa ya kwanza kuitumia: 49ers wa San Francisco wakaanza, wakapata pointi tatu, sisi tukajibu, 25 kwa 22. Hapo hukuona tofauti na besiboli yako, mzee.

Binti Kisauni

Mnabishana vizuri. Mimi ni muuguzi, mechi nyingi zinanikuta kazini, kwa hiyo sina usiku kama wenu. Besiboli niliipendea mtaa wa 18 na Vine, kwenye jumba la makumbusho la ligi za weusi. Ligi hiyo iliundwa hapahapa Kansas City mwaka 1920, kwa sababu weusi walifungiwa nje ya ligi kuu. Jackie Robinson alichezea Monarchs, timu ya weusi ya hapa, 1945, kabla timu ya Dodgers haijampandisha ligi kuu 1947. Katikati ya jumba kuna uwanja wenye sanamu za shaba za wachezaji. Tangu unaingia unauona kupitia wavu wa waya, na huruhusiwi kuukanyaga mpaka umemaliza kuzunguka historia yote. Mwanangu wa miaka tisa aliniuliza mara tatu tunaingia lini. Tulipofika alienda moja kwa moja akasimama kwenye kisanduku cha mpigaji.

Mwaka 2024, Royals waliporudi kwenye mtoano baada ya msimu wa kupoteza mechi 106, aliniomba abaki macho amwone Bobby Witt, nyota wa Royals. Nilimruhusu, kesho yake shule. Yankees wa New York walitutoa, akalala analia. Mzee wa Tanga, akiniuliza tena mwaka huu nimwachie akeshe?

Mtanga wa Missouri

Mwachie, dada. Mpikie na chai ya tangawizi.