Gemu yangu ya boda, mwisho unajulikana kabla hujafika Mukono. Nisaidieni

Mtoto_wa_Steji: Banange habari zenu. Natengeneza gemu ndogo ya simu kwa Godot (programu ya kuundia gemu), kijana wa boda pikipiki yake ya mkopo inaibiwa usiku Wandegeya, Kampala, anawafuata wezi mpaka Busia mpakani, anampiga bosi wao, anaichukua, imeisha. Juzi nikampa mdogo wangu aijaribu, hajafika hata Mukono ananiambia "si mwishoni anampiga yule wa koti jekundu?" akaweka simu chini akaenda kula. Iliniuma maana ni kweli. Ila msiniambie ile ya kumbe alikuwa anaota.

Chapati_Mbili: Mwizi awe kaka yake 😂

Mtoto_wa_Steji: Hiyo mdogo wangu angeijua akiwa bado Wandegeya.

Mzee_Padi: Ssebo, cheza Far Cry 4 ya 2014. Pale mwanzo Pagan Min, yule mtawala adui wa gemu, anakuacha mezani anakwambia umsubiri, na sisi karibu wote tunatoroka, tumezoea gemu ni kukimbia. Sasa wewe kaa tu, kama dakika 15 hivi, usiguse kitu. Jamaa anarudi kweli, anakupeleka uweke majivu ya mama yako, gemu inaisha bila vita. Na wewe weka hivyo, mtu akikataa kwenda Busia abaki steji aombe pikipiki ya mwenzake alipe deni pole pole.

Nalubaale88: Mzee hiyo tamu ila wangapi wataiona? Mimi naona shida si mwisho, shida ni njiani hakuna kinachohesabiwa. Undertale ya 2015 unaweza kuimaliza bila kuua mtu hata mmoja, na ukiua inakumbuka, hata ukianza upya kuna mambo hayafutiki. Kijana wako si anabeba abiria ili apate mafuta? Basi mama mmoja wa matoke ambaye kijana alimshusha Iganga kwenye mvua kwa sababu ya shilingi 1,000, awe ndiye mwenye namba ya simu anayoihitaji akifika Busia. Hapo koti jekundu litakuwa kitu kidogo.

Mzee_Padi: Eeh hapo umenishinda. Ila dogo usiahidi usichoweza, Mass Effect 3 mwaka 2012 watu walilia kwamba maamuzi yao yote hayakubadilisha kitu cha maana mwishoni, mpaka studio ikatoa nyongeza ya bure mwaka huo huo. Na wao ni timu nzima, wewe uko peke yako na laptop.

Mtoto_wa_Steji: Mama wa matoke nimemuingiza jana, umeme ukaenda kabla sijasevu, nimeanza tena asubuhi. Sasa akimpigia na mama asipokee, gemu iishie hapo?

Nalubaale88: Usiikate. Muache amesimama mpakani na simu sikioni, salio linaisha, halafu mpe mdogo wako simu bila kumwambia kitu.