Sentensi yangu mwenyewe imeninyang'anya mteja! Huyu mwenye kisanduku cha kutafutia amezidi sasa!

Fundi_Maneno

Wakuu, nimetoka kikaoni sasa hivi, naandika nikiwa ndani ya daladala na mikono inatetemeka, makosa ya herufi mtanisamehe. Mods naomba msiunganishe uzi huu na mwingine.

Mnamjua. Hakuna haja ya kumtaja. Yule ambaye mtu akitaka hata bei ya mchicha anamuuliza yeye kabla ya kumuuliza muuza mchicha.

Nina mteja hapa Arusha, anapandisha wageni Kilimanjaro. Tovuti yake nimeiandika mimi, miaka mitatu. Na sikuandika nimekaa kwenye kiti. Nilipanda mwenyewe njia ya Machame, siku 7, nikalala kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600, baridi ya kung'oa masikio, naandika kwenye daftari kwa kidole kimoja maana vingine vilishakufa. Usiku wa kwenda kileleni mpagazi mmoja akaniambia, kaka, geuza chupa yako ya maji kichwa chini, barafu huanzia juu, mdomo ukikaa chini utakunywa mpaka alfajiri. Nikaandika. Ukurasa ule ulikaa juu kabisa, Wajerumani wanabofya, Wamarekani wanabofya, wanajaza fomu, mteja anauza safari, mimi nalipa kodi ya nyumba.

Leo huyo mteja kafungua simu mbele yangu, mbele ya mhasibu, mbele ya shemeji yake aliyekuja kunywa chai tu. Kauliza kwa Kiingereza abebe nini Machame. Kikashuka kile kisanduku cha akili mnemba kinachojibu juu ya matokeo, kikajaa kioo kizima. Mstari wa tatu: geuza chupa kichwa chini.

CHUPA YANGU! Jina la tovuti limefichwa ndani ya kialama cha kiungo, kadogo kama jicho la sisimizi. Tovuti yenyewe iko kuzimu huko, chini ya matangazo. Mteja akasoma taratibu, akaweka simu mezani, akasema: "Sasa kaka, nikulipe ya nini, na huyu anajibu bure?"

Shemeji akacheka. Akacheka na chai mdomoni.

Nikajitetea kwa takwimu. Pew Research, watafiti wa kule Marekani, waliangalia Wamarekani wanavyotafuta, Machi 2025. Aliyekutana na kisanduku alibofya tovuti kwenye matokeo mara 8 katika 100, ambaye hakukutana nacho mara 15, na viungo vya ndani ya kisanduku chenyewe vilibofywa mara 1 tu. Mteja akanisikiliza mpaka mwisho, halafu: "Kwa hiyo unakubali watu hawaji."

Mkataba umekufa palepale. Nikulipe ya nini! Na mimi niliyepanda mlima ndiye niliyemlisha! Nikimzuia asinukuu ukurasa, hata yale maelezo mafupi chini ya jina langu kwenye matokeo ya kawaida yanafutika. Ukikubali unaliwa, ukikataa unazikwa. Chupa kichwa chini jamani, nilijifunza nikiwa natapika!

Mzee_wa_Kliki

Pole sana mkuu. Mimi niko kwenye kazi hii tangu kabla ya 2014, walipoleta kile kijisanduku cha kwanza cha jibu fupi. Tulishangilia! Tukakiita nafasi ya sifuri, maana kilikaa juu hata ya namba moja, tukafundishana namna ya kuandika ili kituchukue. Kumbe tulikuwa tunamkabidhi mwizi ufunguo. Agosti 2023 wakaondoa yale maswali na majibu yetu yaliyokuwa yanafunguka kwenye matokeo, wakabakiza ya serikali na ya afya. Mei 2024 akili mnemba ikaanza rasmi Marekani. Hawakuruka, walitembea.

KijanaWaNgarenaro

Povu lote hili kwa ajili ya chupa? Mpagazi ulimlipa shilingi ngapi? Sentensi ni yake, siyo yako.

Fundi_Maneno

Wewe kijana usinichokoze. Mpagazi nilimtaja jina kwenye ukurasa na bakshishi nilimpa mkononi. Kisanduku kimemtaja nani? Kimempa nani?

Bwana_Ufuta

2024 kisanduku hichohicho kiliwaambia Wamarekani watie gundi kwenye piza ili jibini isidondoke. Leo kimesema kweli, unalalamika tena.

Fundi_Maneno

Kingesema gundi nisingepoteza mteja! Kimesema kweli YANGU!

Dada_Takwimu

Kinachonikera mimi ni dashibodi yao, ile inayomwonyesha mwenye tovuti ameonekana na kubofywa mara ngapi. Mibofyo ya kisanduku wameichanganya na mingine yote, huwezi kumwonyesha bosi hii imetoka wapi. Septemba 2025 wakafunga ile njia ya kuvuta matokeo 100 kwa mpigo, grafu yangu ya kuonekana kwenye matokeo ikaporomoka kama imesukumwa. Nikaitwa ofisini kujieleza. Tovuti haikuwa imeguswa hata nukta!

Wakili_wa_Mtaa

Jaji Amit Mehta kule Washington alishaamua Agosti 2024 kwamba huyu mwenye kisanduku ameuhodhi utafutaji peke yake, mkiritimba kinyume cha sheria. Huku Arusha kimebadilika nini?

Shangazi_Vitenge

Afadhali wewe unaibiwa na watu wanasoma. Mimi kwenye ule mtandao wa picha nina wafuasi 40,000, nikipandisha kitenge wanaona 90. Tisini! Wengine mpaka nilipie. Wafuasi niliwatafuta mwenyewe, sasa nawakodisha.

KijanaWaNgarenaro

Shangazi vile vitenge vilichuja, usisingizie mtandao.

Shangazi_Vitenge

Lete risiti.

Bwana_Ufuta

Mimi naona wote mnaibiwa na bando kwanza. Kifurushi cha wiki kinaisha siku ya tatu, na sikuangalia video hata moja.

Dada_Takwimu

Hilo bando mkuu umenigusa! Nalala na MB 900, naamka na 200. Nani ameangalia nini usiku?

Mzee_wa_Kliki

Ukipiga huduma kwa wateja unasikilizishwa muziki dakika 20, halafu inakatika.

Fundi_Maneno

Wakuu turudi kwenye mada. Mteja kasema nikulipe ya nini, mbele ya shemeji, na chupa ni

Shangazi_Vitenge

Mkuu wa chupa, na wewe uko mtandao gani? Lako linakaa?

Fundi_Maneno

Niko huohuo! Nimenunua Jumapili, leo Jumanne imebaki MB 60, na hela walikata mara MBILI!