Tupeane uzoefu: Siku zana zako za dharura zilipohitajika kweli

Ngosha wa Igoma: Wakuu, jana umeme ulikatika mara tatu, na seva yetu ya FreeBSD (mfumo endeshi) ilipowaka ikadai fsck, yaani ukaguzi wa diski. Nimekumbuka kwamba flashi yangu ya uokoaji sijaijaribu tangu niitengeneze. Mliowahi kukwama, simulieni.

Sato Mkavu: Mimi nilikwama pale mwaloni Kirumba alfajiri, magari ya samaki yakiwa yamepanga foleni mzanini. Nilifuata maelekezo niliyoyaokota mtandaoni, nikaliondoa faili la libc.so.7, maktaba ya msingi ya programu, katika /lib ili niweke lingine kutoka mashine ya pili. Amri ya mv (kuhamisha) ilikubali, cp (kunakili) ikagoma. Nikaandika ls (kuorodhesha faili), ikagoma. Mount (kuunganisha diski) nayo ikagoma, kwa kuwa tangu toleo la 5.2 la mwaka 2004 programu za /bin na /sbin huitegemea maktaba hiyo. Iliyobaki hai ni sheli niliyokuwa nimeifungua tayari (programu inayopokea amri, siyo ile ya mafuta), na tajiri alikuwa amesimama nyuma yangu na daftari la mizigo. Nikaandika echo /*, amri iliyo ndani ya sheli yenyewe, nione angalau kilichopo, na katikati ya majina likatokea /rescue, kabrasha la programu za dharura, ambalo sikuwahi kulijali. Kwa /rescue/mv nikalirudisha faili mahali pake, na ls ikajibu. Kibodi ilikuwa imelowa jasho.

Dagaa Mchele: Hata mimi niliokolewa na echo.

Mama Seva: Sato, umeruka kitu. Faili hilo huwekewa alama ya schg, inayozuia lisiguswe; mv peke yake isingelisogeza.

Sato Mkavu: Kweli, dada, niliiondoa mwenyewe kwa chflags. Nilitumaini hakuna atakayeuliza.

Kamanga Feri: Hiyo /rescue imo katika diski ileile. Diski ikifa, utaokolewa na nani? Bebeni flashi.

Mama Seva: Flashi ipi, Kamanga? Uliyoniazima ilijaa singeli tupu. Programu za /rescue hubeba maktaba zake ndani, na zote ni faili moja lenye majina mengi. Ziboreshe pamoja na kerneli (kiini cha mfumo), kisha uzijaribu kabla hujatoka ofisini. Wenye Debian (mfumo wa Linux) hawana /rescue, basi wasakinishe busybox-static, ya kazi kama hiyo.

Dagaa Mchele: Wala msimpe root (mtumiaji mkuu) sheli ya bash ya /usr/local, kwa sababu siku sehemu hiyo ya diski isipofunguka mtalia.

Kamanga Feri: Mimi nimempa miaka sita sasa, na sijalia.

Dagaa Mchele: Hamia Igoma.

Ngosha wa Igoma: Nimemaliza kwa /rescue/fsck. Flashi haikuwaka.