Tuktuk ya programu kutoka Shika Adabu hadi feri: kuna anayeweza?

BintiLikoni
Salaam jamani. Nakaa Shika Adabu, huku Likoni, Mombasa, ndani kabisa, na kazi yangu ni Bamburi, ng'ambo ya feri. Nikishafika feri sina taabu: navuka kwa miguu, bure, ng'ambo napanda matatu. Kinachoniua ni hicho kipande cha kwanza, na masika ikipiga ni tope mpaka steji. Nikiita tuktuk kwenye programu ya simu saa kumi na mbili kasoro asubuhi, dereva anapiga simu: "Madam, waelekea wapi?" Nikitaja feri, kimya, halafu naona safari imekatwa. Kuna mwenye mbinu?

PwaniRaha
Boda tu dada. Ila helmeti beba yako, zile zao zanuka.

MiguuMitatu
Sikiza dada, mimi naendesha tuktuk hapa hapa Likoni, nikwambie kwa nini twakata. Ramani yaonyesha uko karibu, haijui njia ya kwenu imeliwa na maji, kwa hiyo nazunguka. Mafuta ya kukufuata ni yangu. Nikikufikisha feri napata ile nauli ya chini kabisa, na programu bado haijachukua fungu lake. Wakati huo huo pale barabarani kuna watu watatu wananipungia mkono, kila mmoja na pesa yake mfukoni. Na jioni mwenye tuktuk ataka hesabu yake kamili. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Halafu ukiita, mwisho wa safari usiweke Bamburi. Hapo ni kama waniambia nivuke na tuktuk, nipange foleni na nilipe feri. Weka feri upande huu wa Likoni, shuka hapo.

Lakini ushauri wangu, asubuhi achana na programu. Tafuta majirani wawili wanaotoka saa hizo, nyuma twakaa watatu. Ongeeni na dereva anayelala huko huko kwenu. Huyo kila alfajiri yuwaenda feri kutafuta abiria, tena mtupu, kwa hiyo kuwabeba nyinyi ni faida tupu kwake. Programu iweke ya usiku ukichelewa, maana safari yabaki imeandikwa na nyumbani waweza kukufuatilia.

KisauniMoja
Tatizo hili la kipande cha kwanza, Marekani walijaribu kulitatua kwa pesa. Mwaka 2016 shirika la mabasi la kaunti ya Pinellas, Florida, lilianza kulipia sehemu ya nauli ya Uber au teksi kwa abiria anayekwenda kituo cha basi au kutoka hapo. Hapa nani atoe? Matatu ni za watu binafsi na sacco zao. Feri ndiyo ya serikali, na mwenye miguu tayari halipi.

MiguuMitatu
Sacco zikitulipia sisi, kesho yake nauli ya matatu imepanda. Nawajua.

BintiLikoni
Ahsante kaka, hilo la dereva wa mtaani sikulifikiria. Jirani yangu mmoja ni mwalimu, atoka saa hizo hizo. Dereva pia yuko, ila muziki wake hadi kioo chatetemeka. Sasa pesa ya wiki tumpe mbele au nyuma?

MiguuMitatu
Nyuma. Ukimlipa Jumatatu, Alhamisi simu yake imezimwa.