Mtoto wa miezi 19 kwenye ndege, nimpakate au nimkatie siti yake?

mama_nasra
Habari zenu wapendwa, naombeni ushauri maana nimeumiza kichwa wiki nzima. Mwezi ujao nasafiri na binti yangu, ana miezi 19 na kilo 11, safari ni masaa tisa halafu tunaunganisha ndege nyingine. Wameniambia kwa kuwa hajafikisha miaka miwili naweza kumpakata tu. Baba yake anasema siti ya pili ni pesa nyingi bure, kwani watoto wote si wanapakatwa na wanafika salama? Mi moyo unasita. Mtoto mwenyewe hatulii, kwenye gari tu kumfunga mkanda ni vita. Je kiti chake cha gari kinaruhusiwa ndani ya ndege? Au nimfunge kifuani na mbeleko inatosha? Waliosafiri na wadogo nielekezeni tafadhali.

BabaWatatu
Dada yangu mkatie siti. Wa kwanza wangu nilimpakata, alikuwa na mwaka na nusu, kalala, taa ya mikanda imezimwa kila kitu shwari, ghafla ndege ikadondoka yani tumbo linabaki juu, na mtoto akanitoka mapajani nikamuwahi suruali, kichwa kikapiga meza ya siti ya mbele. Alivimba tu paji la uso, namshukuru Mungu, ila mpaka leo nakumbuka vile vidole vyangu vilivyoshika kile kitambaa na si mtoto mwenyewe. Mimi mkanda nilikuwa nimefunga, yeye hakuwa na kitu. Watu wanasema "nitamshika vizuri", huwezi kumshika, ndege ikisimama kwa nguvu mara tatu tu ya uzito wa mtoto hizo kilo 11 zinakuwa kama 33 zinazochomoka mikononi kwa kufumba na kufumbua.

nilikuwa_mhudumu
Nimefanya kazi ya uhudumu wa ndege miaka kadhaa, ngoja nijibu moja moja.

Kiti cha gari kinaruhusiwa mashirika mengi, lakini lazima kiwe kimeidhinishwa kwa ndege. Geuza kiti usome lebo, vya Marekani vina maandishi mekundu yanayosema kimethibitishwa kwa magari na kwa ndege pia. Bila lebo mhudumu ana haki ya kukukatalia mlangoni na kitaenda chini na mizigo. Vile vya kumnyanyua mtoto tu visivyo na mikanda yake havifai kupaa na kutua, kwa sababu vinategemea mkanda wa begani na ndege ina wa kiunoni tu.

Kinakaa dirishani, kisizibe njia ya wengine kutoka, na kamwe si mstari wa mlango wa dharura. Halafu siti nyingine hasa za daraja la juu zina mkanda wenye eabegi ndani, yaani mfuko wa hewa unaofura ndege ikigonga, hapo kiti cha mtoto hakifungwi, waulize kabla hujachagua namba.

Mbeleko ni ya kumbembelezea tu, haijatengenezwa kuhimili ndege ikigonga. Na tafadhali sana usimzungushie mtoto mkanda wako mwenyewe, mkigonga mwili wako wote unamkandamiza yeye kwenye mkanda. Ulaya anayepakatwa hufungwa kamkanda kadogo kanakopita kwenye mkanda wa mzazi, Marekani hako hakaruhusiwi ndege ikitembea ardhini, ikipaa na ikitua. Kwangu kanasaidia asirushwe juu kwenye misukosuko ya hewa, ila si sawa na siti yake.

Someni habari ya ndege ya United namba 232 iliyoanguka Sioux City, Marekani, Julai 1989. Walikuwemo watoto wanne wa kupakatwa, na utaratibu wa wakati ule ulikuwa wazazi wawalaze sakafuni. Mmoja alifariki. Mkuu wa wahudumu, Jan Brown, ndiye aliyewaambia wazazi wafanye hivyo, na baada ya hapo alipigania miaka na miaka kila mtoto awe na siti yake. Hiyo habari nilifundishwa darasani na sijaisahau.

Chumvi_77
Sawa jamani ila si kila mtu ana hiyo pesa, tusiwahukumu wazazi. Hata mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, mwaka 2005 ilikataa kulazimisha siti kwa walio chini ya miaka miwili, walisema wengine wakishindwa nauli watasafiri kwa gari na barabarani ndiko hatari zaidi. Lakini hao hao wanashauri mtoto afungwe kwenye kiti chake. Mama Nasra kama huwezi kabisa chagua siku ndege haijai, na ukifika getini uliza kama kuna siti tupu pembeni yako, mimi nimepewa mara mbili, kiti ninacho mkononi tayari.

bi_zuhura
Kwa kilo 11 kuna mkanda unaitwa CARES pia, ni wa kilo 10 mpaka 20 na urefu usiozidi mita moja, unazunguka mgongo wa siti halafu mikanda miwili ya mabegani inashuka mbele na mkanda wa ndege unapitishwa chini. Unakaa kwenye mkoba. Bado unahitaji siti yake lakini.

Ukienda na kiti cha gari kinachoangalia mbele, kile kifungio cha mkanda wa ndege kikiingia nyuma ya kiti kinabanwa halafu hakifunguki, mimi nilihangaika abiria wote wameshashuka. Kabla hujafunga kizungushe nusu mzunguko ili kifuniko chake kiangalie mgongo wa siti ya ndege, kule ni laini vidole vinapita. Funga, kisha kikandamize kiti kwa goti huku unavuta mkanda. Jaribuni nyumbani akae humo kila siku kidogo, mtoto anayekijua kiti chake analala humo.

mama_nasra
Asanteni sana sana. Nimesoma ya BabaWatatu nikaenda kumuonyesha mume wangu, amekaa kimya halafu akasema kata tiketi. Nimegeuza kiti, lebo nyekundu ipo! Nimepima upana sentimita 44, kesho nawapigia niulize siti zao zina upana gani na kama mkanda una hiyo eabegi. Nilikuwa najua mbeleko itatosha wallahi.

nilikuwa_mhudumu
Uliza na upana kati ya mikono ya siti, siyo mto tu. Na panda mapema mnapoitwa wenye watoto, usifunge kiti watu wakiwa wanakusukuma.